Tuzikane bila kuulizana vyama

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna sisi wakazi wa Dar es Salaam tunavyoweza kuishi tena pamoja baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025. Wito wa umoja tumeusikia majukwaani, misikitini, makanisani na redioni, na sina shaka kwamba wengi wanaoutoa wana nia njema. Lakini wito huo hutaja taifa, na taifa ni kubwa mno kwa mtu anayetoka nje asubuhi akamsalimu jirani yake asiitikiwe. Mimi nitasema juu ya mtaa, kwa kuwa mtaani ndiko tulikofarakana na huko ndiko tutakakopatana, tukipatana.

Sitayarudia yote yaliyotokea, ila sharti niyataje kwa ufupi ili tusizungumze kwa mafumbo. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwamo katika uchaguzi ule, kwa kuwa kilizuiwa tangu Aprili 2025 baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, naye aliondolewa. Siku ya kupiga kura maandamano yalizuka, vituo vya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro vikachomwa, risasi zikapigwa, watu wakafa. Intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa, na jiji letu likawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa asilimia 97.66, na waangalizi wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukukidhi misingi ya umoja huo. Desemba 9 ikapita bila sherehe za Uhuru. Kila msomaji ana maoni yake kuhusu mambo haya, nami ninayo yangu.

Hoja yangu ni kwamba hatuhitaji kukubaliana kuhusu kura ndipo tuanze kutendeana ujirani. Yapo mambo ambayo mkazi wa mtaa anamdai mwenzake bila kujali huyo alipiga kura au alikaa nyumbani, alivaa sare ya chama au alikamatwa barabarani: amzike, amdhamini, anunue kwake, amwangalizie nyumba akisafiri, na mtoto wake asisumbuliwe kwa sababu ya kazi ya baba yake. Haya si fadhila. Ni madeni, na kwa miezi michache iliyopita wengi wetu tumeacha kuyalipa.

Nianze na misiba, maana hapo ndipo tulipoumizana zaidi. Dar es Salaam ni mji wa watu waliotoka kila mkoa. Mhaya amepanga kwa Mzaramo, Mpare ana duka mbele ya nyumba ya Mngoni, na wengi wetu ndugu wa damu wako mbali, safari ya basi ya kutwa nzima au zaidi. Ndiyo maana hapa mjini msiba umekuwa ndiyo ukoo wetu. Turubai likifungwa, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa kabila gani. Wanaume hukaa nje kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani mikekani, daftari la rambirambi huzunguka, na vijana wa bodaboda, wale wale tunaowalaumu kwa kelele siku nyingine, ndio wanaobeba maji na kuni.

Mapema Novemba kulikuwa na msiba wa kijana mtaani kwetu, Kimara. Viti vilipangwa kama kawaida, lakini zaidi ya nusu vilibaki vitupu hadi alasiri. Daftari lilipozunguka, wapo waliotoa mchango wakaomba majina yao yasiandikwe, na mwandishi wa daftari akawa anaweka alama ya kistari mahali pa jina. Mzee ambaye siku zote ndiye hutangaza ratiba ya mazishi alisimama ng'ambo ya barabara, akamwinulia mkono mfiwa, kisha akaondoka. Simlaumu, aliogopa kuhesabiwa. Mama wa marehemu hakuuliza lolote kuhusu serikali wala polisi. Aliuliza kwa nini wenzake wa kikoba hawajaja kupika. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa kila aliyekuwapo alijua kwamba viongozi wa kikoba kile walizunguka na magari ya kampeni mwezi mzima na kwamba wangekuja huenda wangezomewa, na kila aliyekuwapo alijua pia kwamba mama yule alichangia misiba yao yote tangu kikoba kilipoanzishwa.

Pole ya msiba haina upande. Anayekwenda kumzika kijana aliyeuawa kwenye maandamano hatangazi kwamba anaunga mkono kuchomwa kwa vituo, na anayekwenda kumzika askari au kada wa chama hatangazi kwamba anaunga mkono risasi. Naomba tulikubali jambo hili waziwazi, tulisikie likisemwa na shehe, na padri, na mchungaji, na mwenyekiti wa mtaa, ili yule mzee wa ng'ambo ya barabara apate ujasiri wa kuvuka.

Tena kuna familia zilizosema hadharani kwamba hazijapata miili ya ndugu zao. Hebu tufikirie uzito wa jambo hilo katika utamaduni wetu. Watu hao wana tanga ambalo hawajui waliweke lini wala waliangue lini. Hawana kaburi la kusafisha, hawana siku ya arobaini ya kuhesabu. Wapo majirani wanaowakwepa kwa kuwa hawajui waseme nini, kwani ukimwambia mtu pole ya msiba huku yeye bado anatumaini, unaweza kumuumiza. Basi tuwaendee bila neno hilo. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Zinaweza kuanzia hapo. Waislamu wana dua na visomo ambavyo havihitaji jeneza. Na asiye na dini anaweza kupeleka kilo ya sukari akakaa nusu saa. Nimeliandika hili kwa kirefu kwa sababu nimeona kwamba watu wanaosubiri habari ndio walioachwa peke yao kuliko wote.

Upande wa pili nao una machungu yake, na sitaki kuyapita. Mama mmoja mwenye genge la nyanya na mchicha karibu na kwetu alivaa kanga ya chama wakati wa kampeni, kama alivyofanya kila uchaguzi. Tangu Novemba wateja wake wanapita mbele yake wakiwa na fedha mkononi, wanakwenda kununua genge la mbali zaidi, na yeye jioni anamwaga nyanya zilizolainika. Yuko pia mke wa askari aliyepanga chumba katika nyumba ya jirani. Zamani sare za mumewe zilianikwa uani kwenye kamba pamoja na nguo za wapangaji wengine; sasa huzianika chumbani, dirisha limefungwa, na shule zilipofunguliwa Januari 2026 mtoto wao alirudi akilia kwa sababu ya jina aliloitwa. Mtoto wa darasa la tatu hakutoa amri yoyote Oktoba 29. Muuza nyanya hakukata intaneti. Kama kuna waliotenda makosa, na mimi naamini wapo, wanajulikana kwa vyeo na kwa matendo, wala hatutawafikia kwa kumwozeshea mama huyu biashara yake.

Wanaodhani kugomeana ni jambo dogo litakalopita lenyewe, nawaomba wakumbuke Pemba. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa 1995, Dk Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa tofauti isiyofika asilimia 1 ya kura, na chuki iliyofuata iliingia hadi jikoni. Watu walikataa kununua katika maduka ya wenzao, walikataa kuhudhuria harusi, walikataa kuzikana, na wengine hata kuswali pamoja walikataa. Hali hiyo haikuisha kwa mwaka mmoja wala miwili. Januari 2001 waandamanaji waliuawa, na Wazanzibari wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wakimbizi wake.

Tunaweza kujifunza pia kutokana na jinsi walivyotoka huko. Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF, wa 1999, haukutekelezwa ipasavyo, na wa pili, uliosainiwa Oktoba 10, 2001, ulikuwa na mengi mazuri lakini ulibaki kuwa mkataba wa viongozi. Kilichobadilisha maisha ya watu ni Maridhiano yaliyoanza Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu ya Zanzibar, kisha jambo lenyewe likarudishwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali kuwe na serikali ya umoja wa kitaifa. Baada ya hapo waliogomeana walianza tena kuzikana. Najua kwamba uchaguzi wa 2015 ulifutwa na mengi yakaharibika upya, na silifichi hilo, maana linatuonyesha kwamba maridhiano yakiachwa bila kutunzwa huvunjika. Hata hivyo waliopatana hivyo ni Watanzania wenzetu, kwa lugha yetu hii hii, baada ya damu kumwagika.

Sasa niseme jambo ambalo pengine litawaudhi baadhi ya wasomaji, lakini bila hilo barua hii itakuwa ya maneno matamu tu. Mtaa hauwezi kuwa wa wote ilhali mlango wa ofisi ya mtaa ni wa chama. Mfumo wa mjumbe wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, wakati wa kuelekea chama kimoja, na siku zile mjumbe alikuwa wa kila mtu kwa kuwa hakukuwa na chama kingine. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mjumbe alibaki ndani ya CCM, lakini sisi wakazi tuliendelea kumwendea kwa ugomvi wa mipaka, kwa wizi wa kuku, kwa mume aliyempiga mkewe. Wengi wa wajumbe hawa ni watu wema waliotumikia majirani bila mshahara, na ninawaheshimu. Lakini jirani ambaye mwanawe amekamatwa kwa kuandamana anawezaje kumwendea mtu ambaye kwa cheo chake ni kiongozi wa shina la chama kile kile ambacho mwanawe alikuwa akikipinga?

Vivyo hivyo mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa sheria zetu hawezi kugombea bila kudhaminiwa na chama, na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Huyu ndiye mwenye mhuri. Bila barua yake ya utambulisho hufungui akaunti benki kwa urahisi, na mahakamani mdhamini hakubaliwi. Mwezi Novemba, vijana wengi walipofikishwa mahakamani, wale wa shtaka la uhaini hawakuwa na dhamana kabisa kwa mujibu wa sheria. Lakini kwa makosa mengine madogo, wazazi walihitaji wadhamini wenye barua za utambulisho, na huo mhuri ukawa ndio tofauti kati ya kijana kulala nyumbani au kulala mahabusu. Nimesikia wazazi wakisema waliogopa hata kwenda kuiomba barua, kwa hofu kwamba kutaja kesi ya mtoto ni kujiandikisha kama adui. Inawezekana wangepewa bila tatizo lolote, lakini hofu yenyewe ni ushahidi kwamba ofisi ile hawaioni kuwa yao.

Napendekeza, kwa hiyo, mambo ambayo mengine yanaweza kuanza kesho na mengine yanahitaji Bunge. La kesho ni wenyeviti wa mitaa kutangaza kwa vipaza sauti, kama wanavyotangaza siku za usafi na chanjo, kwamba barua ya utambulisho hutolewa kwa kila mkazi bila kuulizwa inakwenda kwenye kesi gani, na kuitisha mkutano wa wakazi wenye ajenda moja tu: majirani waseme yaliyowapata. Mkutano huo usiwe na mgeni rasmi. Usiwe na kanga, kofia wala bendera, na asialikwe anayekuja kujibu; kwa siku hiyo watu wasikilizwe tu, mama wa kijana na mke wa askari, mwenye duka lililovunjwa na aliyekaa rumande. La Bunge ni kuondoa vyama katika uongozi wa mtaa, watu wagombee kwa majina yao na sifa zao. Suala la mgombea binafsi si geni: Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa kwetu Arusha, iliamua kwamba kumzuia mtu asiye na chama kugombea kunakiuka haki zake. Kama ngazi za juu bado zinasitasita, mtaa ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia, maana taka, mitaro na ulinzi shirikishi havina itikadi.

Watakaosema kwamba maoni ya wachache hayawezi kubadili utaratibu uliozoeleka wakumbuke Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni mbele yake walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 tu wakataka vyama vingi, na bado tume ilishauri wale wachache wasikilizwe, na nchi ikakubali.

Ninajua pia pingamizi mbili kubwa dhidi ya barua kama hii. Ya kwanza inatoka kwa wanaosema yaliyopita yamepita, tugange yajayo, tusitoneshe vidonda. Nawaheshimu, lakini anayesema hivyo mara nyingi si yeye aliyefiwa. Novemba 14, akifungua Bunge, Rais mwenyewe alitoa pole kwa familia na kuvitaka vyombo vya sheria viwatazame kwa huruma vijana waliofuata mkumbo, na baadaye iliundwa Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ikiwa Serikali imekubali kwamba kuna jambo la kuchunguzwa, basi jirani anayetaka kusema alichokiona asiambiwe kwamba anachochea. Tuwasindikize watu kwenda kutoa maelezo, tuwaandikie wasiojua kuandika, na tume nayo iende Kimara, Mbagala na Gongo la Mboto, isisubiri watu wapande daladala kuifuata mjini.

Pingamizi ya pili inatoka kwa wanaosema hakuna kukaa pamoja kabla ya haki kutendeka. Hawa nawaelewa zaidi, na katika madai yao ya ukweli nipo nao. Ninatofautiana nao katika jambo moja. Haki wanayoidai itatoka mahakamani, bungeni na katika ripoti ya tume, na huenda ikachukua miaka. Wakati huo wote mama yule anahitaji mtu wa kumchotea maji, na mtoto wa askari anahitaji kucheza na wenzake. Tena ushahidi wenyewe uko kwa majirani. Mtaa ambao watu hawazungumzi ni mtaa ambao hakuna shahidi, na aliyetenda kosa hapendi kitu kama mtaa wa namna hiyo.

Mhariri, nina ombi kwako pia. Gazeti lako huchapisha matangazo ya tanzia kwa malipo, na kwa familia nyingi za Kimara, Manzese au Mbagala gharama ile haifikiki, wakati baadhi yao waliwazika watu wao kwa haraka na kimya, bila tangazo la redio wala la msikitini. Naomba utenge ukurasa mmoja kila wiki, bila malipo, kwa ajili ya waliofariki katika siku zile, kila jina litolewe kwa ridhaa ya familia yake tu, pamoja na umri, mtaa, kazi aliyoifanya na mahali alipozikwa, au neno kwamba mwili haujapatikana. Kijana na askari wawe katika ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa alfabeti, bila kutaja chama. Sisi tulio mitaani tutasaidia kuzifikia familia na kuleta majina yaliyothibitishwa; nimekwisha kuzungumza na akinamama wawili wa kikoba na katekista wa jumuiya yetu, nao wako tayari kuanza na mtaa wetu mara utakapotuambia majina hayo yaletwe kwa nani na kwa utaratibu gani.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam.